Mutisya wa Munge, Mkamba aliyerudi vitani na sanamu

Hakuna mkaazi wa Mombasa, Malindi wala Watamu asiyevijua vile vichwa vya mashujaa wa Kimasai vinavyopangwa safu kwa safu katika maduka ya vinyago: shingo ndefu, masikio yaliyotobolewa, nywele zilizosukwa zikalazwa kisogoni, na uso mweusi unaong'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride. Mgeni kutoka Ulaya hukitwaa kimoja, akakipima uzito mkononi, akaridhika kwamba amepata kipande cha Afrika ya kale, kitu kilichorithiwa baba kwa mwana tangu zama zisizohesabika. Hulipa, akafungiwa katika gazeti, akaenda zake.

Maskini mgeni yule hajui kwamba amekosea mara tatu. Kwanza, kichwa kile hakikuchongwa na Mmasai, kwani Wamasai si watu wa kuchonga sanamu. Kimechongwa na Mkamba. Pili, mti ule mweusi aghalabu si mpingo, bali ni mti wa rangi ya kahawia au mweupe kabisa uliopakwa rangi ya viatu ukasuguliwa hata ukadanganya macho. Tatu, kazi yenyewe si ya kale. Umri wake umepita kidogo tu miaka 100, yaani babu zetu walikuwa watu wazima ilipoanza.

Tena haikuanzishwa na kabila zima kwa mkupuo. Ilianza katika nyumba moja, na mwenye nyumba hiyo tunalijua jina lake na kijiji chake. Yeye ni Mutisya wa Munge, wa Wamunyu, Ukambani. Huko kwao jina hili halihitaji kuelezwa. Huku kwetu pwani, ambako maelfu ya watu wamekula na kuvaa kwa kazi aliyoianzisha, ukilitaja barazani utatazamwa kama unayetaja jina la nyota. Nami naona haifai, kwa sababu Mutisya ana deni kwetu watu wa pwani, na sisi tuna deni kubwa zaidi kwake.

Nilipokwenda kuzitazama nchi zake sikupitia Nairobi. Nilishuka Kibwezi, katika Makueni, nikashika barabara ya lami inayopita Mutomo mpaka Kitui mjini. Sisi tunaopanda mabasi ya Nairobi tunaijua Makueni kwa vituo vyake tu: Mtito Andei tunakonunua chai, Makindu penye hekalu la Masingasinga, Emali, Sultan Hamud. Hutazama dirishani tukaona migunga na mibuyu, tukasema nchi kavu hii, kisha tukalala. Ukiacha njia kuu ndipo unapoielewa. Udongo ni mwekundu. Mito mingi ni mchanga mtupu, na watu huufukua mchanga huo kutafuta maji chini yake. Mashamba ni ya ndengu, ambazo sisi twaziita pojo, na mtama na mbaazi. Mvua huja misimu miwili kwa mwaka, au huja mmoja, au haiji. Mtu aliyezaliwa katika nchi kama hii hujifunza mapema kwamba jembe peke yake halitoshi, na kwamba mkono wenye ufundi wa pili ni akiba ya nyumba.

Wamunyu yenyewe iko kando ya njia ya Kitui na Machakos. Ukitoka Kitui unavuka mto Athi ndipo uifikie. Kwa mipaka ya leo ni Kaunti ya Machakos. Lakini zamani za Mutisya, Makueni yote ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos, na ikaendelea kuwa hivyo hata mwaka 1992, na Kitui ni ng'ambo ya mto tu. Mto huo wa Athi, kwa wasiojua, ndio unaoteremka ukaitwa Galana, na ukifika kwetu ukaitwa Sabaki, ukaingia baharini kaskazini ya Malindi. Maji wanayoyavuka wao ndiyo tunayoyaona sisi yakiitia bahari wekundu.

Wakamba hawakuwa wageni pwani. Karne moja kabla ya watalii, misafara yao ndiyo iliyokuwa ikileta pembe za ndovu Rabai na Mombasa, na baadhi yao walifanya maskani katika nchi za Rabai na Kwale. Mkubwa wa wafanyabiashara hao, Kivoi wa Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849 akamwezesha kuuona Mlima Kenya kwa mbali. Naye aliuawa na wanyang'anyi mwaka 1851 karibu na mto Tana, wakiwa safarini pamoja. Hao Wakamba wa zamani walikuwa mafundi kweli kweli. Walifua mikufu myembamba ya shaba, walichonga vigoda vya miguu mitatu wakavipamba kwa waya uliopigiliwa katika mti kama nakshi, walitengeneza viko vya tumbaku ya kunusa, mikuki, pinde, mishale na bakora. Lakini zingatia, ndugu msomaji: vyote hivi ni vyombo. Kukaa mtu kitako akachonga sura ya mtu au ya swala, isiyokalika wala isiyoliwa nayo, ili itazamwe tu, hiyo haikuwa kazi ya mwanamume Ukambani.

Katika ufundi huo wa vyombo ndimo alimolelewa Mutisya. Kabla ya vita alikuwa amekwisha kujulikana kijijini kwake kwa mkono mwepesi wa kuchonga vigoda na bakora. Pengine angekufa fundi wa vigoda, akasahauliwa na watu isipokuwa wajukuu zake, lau si Waingereza na Wajerumani kuamua kuja kugombana katika nchi zetu.

Vita vilianza mwaka 1914. Wakubwa waliotazamia kuvimaliza kwa miezi michache walipigana miaka minne wakimfukuza jemadari Lettow-Vorbeck, kutoka Kilimanjaro mpaka Msumbiji na kurudi. Katika nchi isiyokuwa na barabara, na ambamo ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o, kila risasi na kila kibaba cha unga kilisafiri juu ya kichwa cha mtu. Jeshi la wapagazi likaitwa kwa Kiingereza jina ambalo Waswahili walilitamka Kariakoo, na hata leo mtaa wa Dar es Salaam unalichukua jina hilo, na Nairobi nao wana lao. Mwaka 1917 ulipitishwa msako mkubwa wa watu katika Kenya, chini ya John Ainsworth, bwana aliyepata kuitawala Ukamba. Waliokufa katika kazi hiyo upande wa Waingereza hawapungui 90,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Waliuawa na tumbo la kuhara damu, na malaria, na chakula kibovu, na baridi ya kulala nje. Nyumba nyingi za Ukambani zilibaki zikingojea mtu asiyerudi.

Mutisya alikuwa miongoni mwa vijana wa Kikamba waliopelekwa katika vita hivyo, katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Yeye alirudi.

Dar es Salaam iliangukia mikononi mwa Waingereza tarehe 4 Septemba 1916. Ikawa ndiyo bandari ya jeshi, ndiyo hospitali yake, ndiyo ghala yake. Mtu wa bara aliyekaa huko alijikuta katikati ya Wazaramo, wenyeji wa mji ule na vijiji vyake mpaka Kisarawe na Maneromango. Wazaramo ni ndugu zetu wa pwani, wengi wao Waislamu, lakini wamechukua ya kale yao pamoja nao. Walikuwa na kile kisanamu kidogo kiitwacho mwana hiti, ambacho mwali hupewa akiwa katika utawa wake akakitunza kama mtoto. Walikuwa na bakora zenye kichwa cha mtu juu yake, na nguzo za makaburi zilizochongwa. Tena karibu na mji, ambako wamisionari wa Kilutheri walikuwa na vituo, baadhi ya mafundi walikuwa wamekwisha kuzoea kuwachongea Wazungu sanamu za kununua.

Hapo ndipo Mutisya alipoona. Wako wanaosimulia kwamba waliomfundisha walikuwa Wamakonde, na hadithi hiyo imeenea sana kwa sababu jina la Makonde limekuwa kubwa. Mimi nashikamana na kauli ya Wazaramo. Dar es Salaam ni Uzaramo, na wachongaji wa Kimakonde hawakupata sifa katika mji ule ila katika miaka ya 1950, wakati Mutisya alikuwa amekwisha kurudi kwao zamani. Mtu hujifunza kwa jirani aliye mbele yake.

Mara nyingi nimejaribu kuifikiri saa ile. Huyu ni mtu aliyetolewa kwao kwa amri, katika vita visivyomhusu, akiona wenzake wanazikwa bila sanda wala jina. Mbele yake yuko mzee wa Kizaramo, au kijana, amekaa chini amebana kipande cha mti kwa nyayo za miguu, anakichonga, na kutoka katika mti huo kinatoka kichwa cha mtu. Mutisya anazijua zana zile. Yeye mwenyewe ametumia tezo tangu utotoni. Jipya kwake lilikuwa wazo lenyewe, kwamba mti waweza kufanywa sura, na kwamba sura hiyo yaweza kuwa ndiyo mwisho wa kazi. Wengine walirudi vitani na kikohozi, na wengine walirudi na koti kuukuu la jeshi. Yeye alirudi na wazo hilo.

Vita vilipokwisha, mwaka 1918, akarejea Wamunyu, akaanza kuchonga sanamu. Hapakuwa na soko, wala mtalii, wala mtu yeyote kijijini aliyehitaji kitu cha namna ile. Alichonga kwa kujifurahisha, katika saa zilizobaki baada ya shamba na mifugo. Jambo hili napenda tulifahamu vizuri, kwani watu wakiona biashara kubwa hudhani ilianza kwa hesabu ya fedha, na hii haikuanza hivyo.

Raha ya namna hii si ya Ukambani peke yake. Huko Ulaya na Marekani wako watu wazima, wenye kazi zao za mchana, ambao jioni hujifungia chumbani na vichwa vya mashujaa wa Kiyunani wa kale, na chepeo zao za shaba zenye shungi. Vichwa hivyo humiminwa katika kalibu kwa resini, ambayo ni kama utomvu wa viwandani unaoganda ukawa mgumu, navyo huuzwa bila rangi. Mwenye kukinunua hukaa nacho wiki nzima na brashi nyembamba kama unywele, akakipaka rangi ya ngozi, akatia kivuli chini ya shavu, akatia wekundu katika jicho lililokosa usingizi. Hakiuzi, akikimaliza hukiweka rafuni akaanza kingine. Nilipolisikia jambo hili mara ya kwanza nilicheka, kisha nikamkumbuka Mutisya nikaacha kucheka. Na limo somo la ziada. Dunia nzima ilizoea kudhani kwamba sanamu za mawe za Wayunani zilikuwa nyeupe tangu mwanzo, mpaka wataalamu wakakuta mabaki ya rangi ndani ya mikunjo yake, wakathibitisha kwamba zilipakwa rangi kali kali, nyekundu na buluu. Weupe ule uliosifiwa kwa karne nyingi ulikuwa ni kazi ya mvua na udongo. Basi watu walikosea kuhusu Athens kama wanavyokosea kuhusu Wamunyu: wale waliuvua ukale rangi zake, na hawa huipaka rangi kazi ya juzi wakaiita ya kale.

Wanunuzi wa kwanza wa Mutisya walikuwa Wazungu, maafisa wa serikali na walowezi wa Ukambani. Walipoanza kutoa fedha, michezo ikageuka kazi. Mwanzoni ufundi huo ulikaa ndani ya nyumba yake, ukafundishwa wanawe na jamaa zake, kama fundi yeyote anavyoilinda siri ya mkono wake. Lakini siri katika kijiji ni maji katika tenga. Majirani walichungulia, wakajaribu, wakaharibu miti mingi, kisha wakafaulu. Mutisya alifariki kabla ya vita vya pili vya dunia, na hakuyaona yaliyotokea baada yake.

Yaliyotokea ni haya. Katika vita hivyo vya pili, maelfu ya askari wa Kiingereza na wa nchi nyingine walipita Kenya, na kila askari alitaka kitu cha kumpelekea mama au mchumba. Wamunyu ikachonga mchana na usiku. Vita vilipomalizika, Wakamba hawakungoja mnunuzi awajie. Walitia vinyago katika makapu na masanduku wakavifuata miji, Nairobi, Mombasa, Kampala na kwingineko, wakavitandaza kando ya hoteli na bandari. Mwaka 1958 mtaalamu wa uchumi, Walter Elkan, aliandika makala nzima juu ya biashara hii, akastaajabu jinsi watu wa vijijini, bila benki wala serikali, walivyounda biashara iliyofika mpaka Ulaya na Marekani, na katika maandishi yake jina la Mutisya limetajwa kuwa ndiye mwanzo. Mwaka 1963 mafundi wa Kikamba waliokuwa Mombasa waliunda chama chao cha ushirika, ambacho makao yake ni Changamwe.

Na Mmasai je, aliingiaje? Aliingia kwa mlango wa mnunuzi. Mzungu alikuwa amekwisha kuwapenda Wamasai katika vitabu na picha. Kwake yeye shujaa wa Afrika alikuwa ni Mmasai mwenye mkuki na ngao. Mkamba, ambaye babu zake walipigana na Wamasai hao hao wakiibiana ng'ombe, hakuona haya kumchonga adui wa zamani akamuuza. Nikimfikiria mzee wa Makueni anamlainisha pua Mmasai wa mti kwa msasa, ili mwanawe apate karo ya shule, nacheka peke yangu.

Nchi ile ile iliyowapeleka wapagazi vitani iliwajengea sanamu nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilisimamisha sanamu za shaba nyeusi katika miji mitatu, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, kuwakumbuka askari na wapagazi wa vita vya 1914. Zilitengenezwa na mchongaji wa Kiingereza, James Alexander Stevenson. Ile ya Nairobi ina mpagazi katika kundi lake. Sisi wa Mombasa tunapita chini ya yetu kila siku tukienda sokoni, na ni wachache wanaoinua kichwa. Sanamu hizo zina maneno ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, lakini hazina jina la mtu hata mmoja kati ya wale waliokufa. Katika miaka ile ile mtu mmoja aliyeviona vita hivyo kwa macho yake alikuwa amekaa Wamunyu akichonga sanamu zake mwenyewe, na hakuna aliyemwita msanii.

Sasa nifike penye ugumu, kwani najua tangu nilipoandika neno sanamu wako wasomaji walionikunjia uso. Nami sikulelewa tofauti nao. Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya 1970, tukitoka chuoni tulipita maduka ya vinyago ya Kilindini Road karibu na Mapembeni, na mwalimu wetu alikuwa ametuambia tusivitazame sana. Yaliyopokewa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya wenye kutengeneza sura za viumbe wenye roho ni mazito, na sitaki kuyapunguza uzito ili makala yangu yapendeze. Ndiyo sababu mafundi wetu wa Lamu na Mombasa, ambao Mungu amewapa mikono isiyo na mfano, walimaliza umri wao katika milango: maua, minyororo, mitende, nyota, na aya juu ya kizingiti. Macho hayamo. Uso haumo.

Lakini imo pia katika Sahihi ya Bukhari habari ya mtu aliyemjia Ibn Abbas akamweleza kwamba riziki yake ni kwa mikono yake, na mikono hiyo hutengeneza sura. Ibn Abbas alimsomea aliyoyasikia, na yule mtu akabadilika rangi kwa hofu. Basi Ibn Abbas hakumfukuza wala hakumwambia akalale njaa. Alimwelekeza kwamba, ikiwa hana budi kufanya kazi ile, atengeneze miti na vitu visivyo na roho. Kila nikiisoma habari hii hunigusa huyu mtu asiyetajwa jina, fundi mwenye njaa na mwenye hofu, na jinsi mwanachuoni alivyomtazama mkono kabla ya kumtazama kosa. Mutisya hakuwa Mwislamu, na sheria yetu haikumfunga. Lakini sisi tuliomwuzia mbao, tuliompangishia chumba na duka, tuliompakilia makasha yake bandarini, tulikuwa tukila riziki hiyo pamoja naye, huku tukiipa kisogo. Sioni kwamba ni halali mtu kula kwa mkono wa mwenziwe na kukataa hata kulijua jina lake.

Tena kazi yenyewe, ukiitazama kama kazi, ina adabu yake. Nimekaa Changamwe na nimekaa Wamunyu chini ya vile vibanda vya makuti na mabati, nikawatazama. Gogo hukatwa likapimwa kwa jicho. Fundi huketi chini, miguu ameinyosha, analibana gogo kwa nyayo, na tezo hushuka kidole kimoja tu kutoka ugokoni. Hana mchoro wa karatasi; mchoro umo kichwani mwake. Kwanza hutoka umbo nene, kisha patasi, kisha kisu cha kutia macho na midomo, kisha mti huachwa kivulini ukauke polepole, kwani ukikaushwa kwa haraka hupasuka na kazi ya siku tatu huwa kuni. Ndipo msasa mkavu, aghalabu mikononi mwa wanawake, na mwisho rangi na dawa ya viatu. Hapo ndipo mti mweupe hugeuka mpingo. Nilimwuliza mzee mmoja kama haoni ni udanganyifu. Alinieleza kwamba mnunuzi mwenyewe ndiye anayetaka weusi, na asipopakwa Mmasai wake rangi humwacha akaenda kwa jirani. Jibu hilo silisifu, lakini silo geni kwa mfanyabiashara yeyote wa Mombasa.

Madhara makubwa ya kazi hii yameipata miti. Muhugu, mti mgumu wenye harufu nzuri usioliwa na mchwa, ndio uliopendwa kuliko yote, na hukua polepole mno. Mpingo nao vivyo hivyo. Misitu ya bara ilipopungua, tezo zikageukia kwetu, zikala Arabuko-Sokoke, msitu wa ndege adimu kati ya Kilifi na Malindi. Tangu miaka ya 1990 wachongaji wamekuwa wakihimizwa kuacha miti ya msituni na kutumia mwembe, mjakaranda, na hasa mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi ukajiotea pwani nzima kila uani. Mwarobaini ni mti mzuri wa kuchonga, na dawa juu yake. Kitui nako, taasisi ya serikali ya utafiti wa misitu, pamoja na Wajapani, imefanya kazi ya miaka mingi kuhusu mukau, mti wa asili wa nchi kavu za Kitui na Makueni, unaostahimili kiu na kukomaa upesi kuliko muhugu. Niliona mashamba ya mukau yaliyopandwa kwa mistari, na wenye mashamba wanaihesabu kama watu wengine wahesabuvyo ng'ombe. Mbao zake hutakiwa zaidi na maseremala, lakini nao mchongaji humfaa.

Kinachowatisha wachongaji leo kuliko upungufu wa miti ni upungufu wa wanunuzi. Fujo za Likoni za mwaka 1997, bomu la Nairobi la 1998, machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, kisha korona mwaka 2020: kila balaa iliyomzuia mgeni kushuka Moi au JKIA ilizima jiko Ukambani. Juu ya hayo vimeingia madukani vinyago vya kumiminwa, vya resini ile ile ya mashujaa wa Kiyunani, vilivyotoka kiwandani vimekwisha kupakwa rangi, vyote pua moja na jicho moja. Kalibu moja hutoa kwa siku vichwa ambavyo Mkamba hatavitoa kwa mwezi. Vijana wa Wamunyu wameliona hilo, na wengi huchagua pikipiki ya abiria kuliko tezo. Wazee niliozungumza nao hawakuwalaumu. Walisema tu kwamba mkono wa kuchonga haufundishiki mtu akishapita miaka 20.

Mwisho wa safari yangu nilirudi Mombasa, nikaingia katika duka la ushirika Changamwe. Nilipita mbele ya twiga, tembo na Wamasai waliopangwa kama jeshi, nikatafuta upande wa vyombo, yaani kazi ya Mutisya ya kabla ya vita: vigoda, mabakuli, bakora na miiko. Huko kila fundi ana nambari yake ya uanachama, nayo huandikwa chini ya kitu anachokichonga, ili kikiuzwa ijulikane fedha ni za nani. Nilinunua miiko miwili ya mwarobaini. Wali wa jana ulipakuliwa kwayo, na nambari ya aliyeichonga bado inasomeka nyuma ya mpini.